Fimbo Inayokumbuka Kunyooka

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu, na nyinyi vijana mliofika kabla yetu sote, karibuni.

Juu ya meza hii nimeweka vitu vitatu. Cha kwanza ni fimbo ndefu iliyochongwa, nene katikati, inayopungua taratibu kuelekea nchani. Cha pili ni kamba. Cha tatu nimekifunika kwa kitambaa. Nitakifunua baada ya muda kidogo, maana kukitazama bado kunaniuma.

Mpita njia akiulizwa hiki cha kwanza ni nini, atajibu kwamba ni fimbo, na hatakuwa amekosea. Upinde wa mti ambao haujafungwa kamba ni fimbo. Jina lake limetoka kwenye kitendo cha kupinda, mzizi uleule uliotupa pindo la nguo na upinde wa mvua. Wahenga walikuwa pia na neno uta, na kamba yake wakaiita upote. Leo nitasema upote badala ya kamba, kwa sababu ni neno la kitu hiki hasa, na napenda lirudi vinywani mwetu.

Ila jina hilo la upinde linatuonyesha nusu tu ya kazi. Ufito wowote hupinda. Chukua ufito mbichi, ukunje, kisha uachie: utabaki umejikunja vilevile. Mshale haurushwi na kule kupinda, unarushwa na kule kurudi. Upinde ni fimbo inayokumbuka kwamba ilikuwa imenyooka, na hiyo kumbukumbu ndiyo inayousukuma mshale. Ikisahau, mkononi utabaki na mti uliopinda, basi. Sikuja kuwafundisha shabaha leo, wapo wanaoifundisha vizuri kuliko mimi. Nimekuja kuzungumzia namna ya kuilinda kumbukumbu ya mti.

Sasa nifunue kitambaa.

Hivi vipande viwili vilikuwa upinde wangu kwa miaka sita. Nguvu yake ilikuwa paundi 45, yaani kama kilo 20 mtu anapouvuta hadi mwisho. Siku ulipovunjika tulikuwa tumepiga tangu asubuhi, tukapumzika. Nilijua nitaendelea baadaye, nikaona nijiepushe na usumbufu wa kuufungua na kuufunga tena. Nikauweka garini ukiwa na upote wake, madirisha yamefungwa, jua la mchana kichwani. Saa tatu hivi zikapita. Niliporudi niliushika, nikahisi mti una joto kama kikombe cha chai, na bado sikushtuka. Nikaweka mshale, nikavuta. Ulilia mlio mmoja mkavu, na tawi la juu likanipita kando ya sikio. Hakuna wa kumlaumu. Hakuna aliyeuazima, hakuna aliyeuangusha. Ni mimi niliyeuacha umekunjwa motoni.

Ili muone kwa nini nasema kosa lilikuwa hilo, na si ule mshale wa mwisho, twende ndani ya mti wenyewe.

Upinde una sura mbili. Ule upande unaomtazama mpigaji anapovuta unaitwa tumbo, na ule unaoitazama shabaha ni mgongo. Sehemu mbili zinazotoka kwenye mshiko, moja juu na moja chini, tuziite matawi. Unapovuta, nyuzi za mti zilizo mgongoni zinanyooshwa, na zile za tumboni zinabanwa. Katikati kuna eneo jembamba ambalo halijui lolote, halinyooshwi wala halibanwi. Kwa hiyo mti mmoja unafanya kazi mbili zinazopingana kwa wakati uleule, na uko karibu sana na mpaka wa uwezo wake. Wachongaji wana usemi kwamba upinde uliovutwa hadi mwisho umeshavunjika sehemu tisa kati ya kumi. Msiusikie kama maneno ya kutisha watoto. Ni kipimo halisi cha jinsi nafasi iliyobaki ilivyo ndogo.

Ndiyo maana watu wa Ulaya waliupenda mno mti wa myuu, unaoitwa yew kwa Kiingereza. Mti ule una tabaka jeupe la nje linalovumilia kunyooshwa, na kiini chekundu kinachovumilia kubanwa. Mchongaji akiacha tabaka jembamba la nje liwe mgongo na kiini kiwe tumbo, amepata kwenye gogo moja kile ambacho wengine walikitafuta kwa kubandika pembe upande huu na kano upande ule. Meli ya kivita ya Uingereza, Mary Rose, ilizama mwaka 1545. Ilipoinuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 1982, pinde nzima zaidi ya 130 za mti huo zilikuwa zimepatikana, nyingi zikiwa zimelala makashani. Ndefu zaidi zilipita mita 2. Kwa karne nne na zaidi zilikaa kwenye tope bila kuvutwa na mtu, na umbo lake bado linasomeka.

Jambo la pili lililo ndani ya mti ni maji. Hata mti tunaouita mkavu una maji, na upinde mzuri hufanya kazi ukiwa na unyevu wa kama asilimia 8 hadi 10 ya uzito wa mti. Ukizidi hapo, mti unakuwa laini, unakubali mkunjo na kubaki nao. Ukipungua sana, nyuzi zinakuwa kama tambi kavu. Na mti haukai na unyevu uliopewa siku ya kuchongwa. Unavuta na kutoa kulingana na hewa iliyouzunguka. Mafuta na vanishi hupunguza mwendo huo, haviusimamishi. Kule garini nilifanya mabaya mawili kwa mpigo: niliukausha, na niliukausha ukiwa umekunjwa. Joto hulainisha mti pia. Mafundi hutumia joto kwa makusudi kunyoosha tawi lililokwenda kombo. Mimi nililitumia kinyume, bila kujua.

Tuje kwenye kuufunga upote, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu pinde nyingi za wanaoanza zinafia hapa, hata kabla ya mshale wa kwanza.

Kabla ya yote, jua tumbo liko wapi. Upinde ulionyooka sawasawa unaweza kumchanganya mtu, akaukunja kuelekea mgongoni, na huo ndio mwisho wake. Tia alama ndogo kwenye tawi la juu, upande wa tumbo, na usiifute. Kisha pitisha macho kwenye upote wote: vitanzi, sehemu ya katikati, kila mahali panapogusana na mti. Kama kuna uzi mmoja uliokatika, upote huo umekwisha kazi. Usiseme utaubadilisha kesho. Upote ukikatika wakati umevuta, nguvu yote inarudi matawini bila pa kwenda.

Zipo njia tatu ambazo mtaziona. Ya kwanza, mtu anapitisha mguu kati ya upote na upinde, analaza ncha ya chini juu ya kifundo cha mguu mwingine, anaukunja upinde kwa kuuegemeza kwenye paja. Ni ya haraka, na inaonekana ya kishujaa. Siipendi, na nitaisema wazi: inapindisha tawi kiubavu, na inalikunja tawi moja kuliko lingine. Upinde ukifungwa hivyo mara mia, siku moja utaushika uuchungulie kutoka nchani, utaona tawi limesokotwa kama unyasi.

Ya pili ni ya kusukuma na kuvuta. Ncha ya chini inalazwa juu ya uso wa mguu, pembeni, isiguse ardhi. Mkono mmoja unavuta mshiko kuja kwako, kiganja cha mkono wa pili kinasukuma tawi la juu kwenda mbali, na vidole vinakisukuma kitanzi mpaka kiingie kwenye mkato wake, ule mfereji mdogo uliochongwa nchani. Ni njia nzuri kwa aliyefundishwa na mtu akiwa karibu naye, na kwa upinde usio mzito. Angalizo lake ni vidole: visikae kati ya upote na mti. Kitanzi kikiponyoka, kidole kilichokaa hapo kitabanwa vibaya.

Ya tatu ndiyo ninayowaomba muizoee, ya kutumia kamba ya kupindia. Ni kamba imara, ndefu kuliko upinde. Ncha yake moja ina kifuko cha ngozi, nyingine ina kitanzi kipana au kifuko cha pili. Unaanza kwa kukipachika kitanzi cha chini cha upote kwenye mkato wake. Kitanzi cha juu unakivalisha kwenye tawi, kibaki chini ya mkato. Halafu unavalisha kile kifuko kwenye ncha ya chini, na upande wa pili wa kamba unaushikisha kwenye tawi la juu, chini ya kile kitanzi kinachosubiri. Laza upinde mbele yako, mgongo ukitazama juu, kamba ikining'inia. Ikanyage kamba katikati. Sasa inua mshiko moja kwa moja kwenda juu, polepole, kama mtu anayeinua ndoo iliyojaa asitake kumwaga. Matawi yote mawili yanakunjika pamoja, sawasawa, na mkono wako wa pili unakitelezesha kitanzi hadi mkatoni.

Usiachie bado. Watu wengi wanaachia hapa, kwa furaha. Tazama kitanzi cha juu: kimekaa ndani ya mkato pande zote mbili? Kigeukie cha chini: nacho? Ndipo unaushusha mshiko kwa upole ule ule ulioinulia, na mguu unaondoka kwenye kamba mwisho kabisa. Muda huu wote uso wako usiwe juu ya ncha ya upinde. Kitanzi kikiponyoka, ile ncha inakuja kwa kasi ambayo jicho haliikwepi.

Upinde ukishafungwa, uinue, uutazame kwa urefu wake kama fundi anayekagua ubao. Upote unatakiwa upite katikati ya mshiko, au karibu sana na hapo. Matawi yawe na mkunjo unaofanana. Ukiona moja limekunjika zaidi kuliko ulivyozoea kuliona, fungua, usivute. Sisemi upinde lazima ufanane na picha. Kila upinde una sura yake, na pinde nyingi zimechongwa tawi la chini likiwa gumu kidogo. Ninachosema ni kwamba ujue sura ya upinde wako, kama unavyoijua sura ya mtu wa nyumbani, ili ukibadilika ugundue mapema.

Kisha pima kimo cha upote, yaani umbali kati ya mshiko na upote. Kipimo cha zamani ni ngumi: shika mshiko, simamisha kidole gumba, na ncha ya gumba iufikie upote. Kwa mkono wa mtu mzima hiyo ni kama sentimita 15 hadi 18, na kwa pinde nyingi za mti inatosha. Upote ukiwa chini sana unampiga mpigaji kofi mkononi na mshale unatoka ukiyumba. Ukiwa juu sana, mti unabanwa bure hata kabla hujavuta. Hapo ndipo uzuri wa upote wa kusokotwa unapoonekana: ukiuongeza mizunguko unafupika, ukiipunguza unarefuka. Ongeza michache, pima tena. Ikibidi uusokote mpaka ufanye mafundo, ujue tangu mwanzo ulikuwa mrefu, utafute mwingine.

Nimeutaja upote, basi nao tuupe haki yake.

Mwaka 1991, kwenye barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, ulipatikana mwili wa mtu aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, ambaye watafiti wamempa jina la Ötzi. Alikuwa na upinde wa myuu wa mita 1.82 ambao hakuwa amemaliza kuuchonga, na podo lenye mishale 14, miwili tu ikiwa tayari. Ndani ya podo hilo kulikuwa na kamba ya kano za wanyama iliyosokotwa, ya kama mita 2, na uchunguzi umeonyesha kwamba ilikuwa upote. Mimi huwaza sana mahali ilipokuwa ile kamba. Haikuwa imetupwa begani. Ilikuwa ndani ya podo, imekunjwa, imefunikwa, katikati ya theluji. Yule mtu alijua kwamba kano ikilowa inalegea na kurefuka, na upote uliolegea ni sawa na kutokuwa nao.

Inasimuliwa vilevile kuhusu vita vya Crécy, huko Ufaransa, mwaka 1346, kwamba mvua iliponyesha kabla ya mapigano, wapiga pinde wa Uingereza walizifungua pote zao, yaani kamba za pinde, na kuzificha mahali pakavu, wakati pinde za mtambo za upande wa pili zililowana, kwa kuwa haziwezi kufunguliwa kirahisi. Mbinu yote ni hiyo, kwamba upinde wa mti unafunguka upesi. Sisi wa leo tunaona kuufungua ni usumbufu, wao waliona ni faida.

Nyuzi za mimea zina tabia nyingine. Kitani kikilowa hakilegei kama kano, na nguvu yake inaongezeka, ila kikiachwa kimelowa kinaoza. Katani na hariri nazo zimetumika mahali pengi. Siku hizi wengi wetu tunatumia poliesta, haiozi na haina gharama ya akili, nami naitumia. Ila jihadharini na nyuzi zile za kisasa zisizonyumbuka hata kidogo, zilizotengenezewa pinde za viwandani. Poliesta inanyumbuka kidogo mwishoni mwa mwendo, inaupokea mti kama godoro. Zile nyingine zinaukatisha ghafla, na pigo lote linaangukia kwenye ncha. Ncha za upinde wa mti usioimarishwa hupasuka pale pale kwenye mikato.

Nta ya nyuki ndiyo chakula cha upote. Upake, kisha uusugue kwa kipande cha ngozi au kwa vidole mpaka uhisi joto, ili nta iyeyuke na kuingia ndani ya nyuzi. Nta iliyobaki juu juu inakusanya vumbi tu. Sehemu ya katikati, pale mshale unaposhika, izungushiwe uzi mwingine, na uzi huo ukichakaa ubadilishwe kabla upote wenyewe haujaanza kuliwa.

Kuhusu kupiga nitasema machache. Roger Ascham, aliyekuja kuwa mwalimu wa Elizabeth kabla hajawa malkia wa Uingereza, aliandika mwaka 1545, mwaka uleule Mary Rose ilipozama, kwamba pinde huvunjika kwa sababu nne: upote, mshale, kuvuta kupita kiasi, na nyufa. Miaka mingi imepita, na mimi sijaona upinde uliovunjika nje ya hizo nne, hata wangu. Mshale mrefu mno unamruhusu mtu kuvuta kupita mahali mti ulipozoeshwa. Mshale mwepesi mno hauchukui nguvu ya kutosha, na ile iliyobaki inarudi mtini. Na kuachia upote bila mshale kabisa ni kuipeleka nguvu yote kwenye matawi. Mtu akiomba kuujaribu upinde wako, mpe pamoja na mshale, na umwambie kabla hajaugusa: ukiuvuta bila mshale, urudishe polepole, usiachie. Usione haya kusema. Mwambie na mzee, mwambie na mgeni.

Na usiuamshe mti kwa kishindo. Unapoufunga, vuta robo, rudisha. Vuta nusu, rudisha. Mara kumi hivi, ukipanda taratibu, ndipo ufike mwisho. Asubuhi ya baridi ongeza mara hizo. Ukishafika mwisho, piga. Kukaa umevuta huku unatafuta shabaha kwa muda mrefu kunauchosha mti kuliko mishale mingi, na mkono wako pia.

Sasa nimefika mahali ambapo moyo wangu upo, nako ni baada ya mshale wa mwisho.

Sote tumekua tukisikia kisa cha Fumo Liyongo. Mwanawe alipomchoma kitovuni kwa shaba, alichukua uta wake na mishale, akaenda karibu na kisima, akapiga goti, akaweka mshale tayari, na roho ikamtoka akiwa katika hali hiyo. Watu wakaogopa kwenda kuteka maji, siku zikapita, mpaka alipoanguka ndipo wakajua kwamba amekufa. Wasimuliaji hukisimulia kisa hicho kwa ajili ya ushujaa wa mtu. Mimi nikikisikia, jicho langu huenda kwenye ule uta, uliokaa tayari siku zote hizo bila mtu wa kuulegeza. Ndio uta pekee ninaoujua ambao ulikuwa na sababu ya kutofunguliwa.

Wetu hauna. Ukimaliza kupiga, fungua. Ukienda kula, fungua. Mvua ikianza, fungua. Ukikaa kuzungumza na wenzako na mazungumzo yakanoga, fungua kwanza ndipo uketi. Nyuzi za tumboni zikibanwa kwa muda mrefu zinazoea kubanwa, zinafupika kidogo kidogo, na upinde unaanza kuufuata upote hata usipokuwepo. Kuna mkunjo mdogo ambao kila upinde wa mti utaupata, hata ulio bora, na hakuna aibu katika huo. Weka upinde uliofunguliwa ubavuni mwa ukuta ulionyooka, tumbo likielekea ukutani, upime nafasi iliyopo kati ya mshiko na ukuta. Sentimita 2 au 3 si ugonjwa. Andika hiyo namba mahali. Pima tena baada ya miezi kadhaa. Ikipanda haraka, rudi ujiulize unavyoutunza.

Kisha uulaze. Ishi, yule mtu wa mwisho wa Wayahi, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, aliyetokea California mwaka 1911 na kuwafundisha wengine kupiga na kuchonga pinde mpaka alipofariki mwaka 1916, alikuwa akisema kwamba upinde ulioachwa na kamba yake, au uliosimamishwa wima, huchoka na kutoka jasho. Wapo watakaosema hiyo ni imani tu. Mimi nimeutazama upinde ulioegemezwa kwenye kona kwa msimu mzima, nikaona tawi la chini limelemewa na kunyonya unyevu wa sakafu, na sijapata neno linaloeleza hali ile vizuri zaidi ya kuchoka. Ulaze juu ya vigingi viwili, ukae kwa ulalo, au uuning'inize kwa ncha yake. Mbali na jiko, mbali na dirisha la jua, mbali na ukuta unaotoa maji. Ukilowa, ufute kwa kitambaa kikavu, uuache ukauke kivulini kwa siku zake. Usiukaribishe motoni kwa huruma.

Mafuta ya kitani yaliyochemshwa yanatosha kwa upinde usio na vanishi: tone dogo, kiganja kikavu, sugua mpaka kiganja kipate joto, kisha futa yaliyobaki. Kile kitambaa chenye mafuta kisikunjwe na kutupwa kapuni. Kitandaze kikauke, kwa sababu mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na tambara lililofinyangwa linaweza kuwaka lenyewe. Ukipenda, juu yake paka nta.

Unapopaka mafuta ndipo unapokagua. Chukua pamba kidogo, ipitishe mgongoni taratibu, kutoka mshiko kwenda nchani. Ikinasa, simama hapo: kuna unyuzi umeinuka ambao jicho lako halijauona. Tumboni tafuta mistari midogo inayokatiza mti kwa upana, kama mikunjo ya kiganja. Hizo ni nyuzi zilizobanwa mpaka zikakunjika, na zikianza haziachi. Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye nyumba ni kweli. Ufa wa upinde hauzibwi kwa vanishi ukaisha. Unyuzi mdogo wa mgongoni fundi anaweza kuutia gundi na kuufunga kwa uzi, na upinde ukaishi miaka. Mistari ya tumboni ikishakuwa mingi, upinde upumzishwe. Wangu wa kwanza kabisa, si huu wa mezani, unaning'inia ukutani nyumbani kwangu, una mistari kumi na minne. Nimeihesabu. Siuvuti tena, ila kila mwezi naupaka mafuta kama nilivyokuwa nikiufanyia zamani.

Nimesema vya kutosha, na mikono yenu inawasha. Huu wa mezani una nguvu ya paundi 30, hauna mtu wa kumwumiza akifuata utaratibu. Kamba ya kupindia hii hapa. Mje wawiliwawili: mmoja aufunge, mwenzake asimame kando atazame vitanzi na kumwambia asiachie kabla havijakaa. Aliyeufunga avute robo, nusu, kisha hadi mwisho, apige mishale mitatu. Halafu aufungue yeye mwenyewe, aulaze mezani ukiwa umenyooka, ndipo amwite anayefuata. Mzee, tukianza na wewe utaturuhusu?